Ndizi za Babu, Nia ya Mjukuu

Vijana 23 wa vijijini mkoani Kilimanjaro walikubali kuacha ndizi na maharage kwa wiki mbili. Badala yake walipewa mlo ambao wenzao wa mjini huula bila kufikiri: vya kukaangwa, vya viwandani, nafaka iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe pe. Vijana wengine 22, wakazi wa mjini, walikwenda njia ya kinyume. Walirudishwa kwenye chungu cha bibi zao. Kundi la tatu, nalo la watu 22 wa mjini, lilikunywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, kwa wiki moja. Kumi waliobaki hawakubadilisha kitu, ili wawe kipimo cha wenzao.

Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine, kazi ya watafiti wa kituo cha tiba cha KCMC mjini Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi. Wiki mbili zilitosha damu kubadilika. Kwa waliohamia mlo wa kisasa, dalili za ule moto wa ndani ambao kinga ya mwili huuwasha inapohisi inashambuliwa zilipanda, na chembe za kinga zilipokutanishwa na vijidudu zikaonekana zimezubaa. Kwa waliorudi kwenye mlo wa jadi, na hata kwa wanywaji wa mbege, moto huo ulielekea kupoa. Wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanasomeka kwenye damu.

Jaribio lenyewe lina mipaka. Washiriki walikuwa 77 tu, wote wanaume, vijana wenye afya, na muda ulikuwa mfupi. Hata hivyo limefanyika hapahapa, kwa vyakula vyenye majina ya Kichagga, na limesema kwa lugha ya maabara jambo ambalo wazee wamelisema miaka mingi wakiwatazama wajukuu wao wakishuka kwenye basi la Dar es Salaam na vitambi. Kuna swali moja tu ambalo maabara haikuulizwa, wala haikupaswa kuulizwa. Mtu anayerudi kwenye chakula cha babu yake ili apone presha, amerudi kwa babu, au amepita dukani kwa babu kuchukua dawa?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kulichungulia neno "jadi" lenyewe.

Kiburu ni sahani ya kawaida ya Uchagani: ndizi na maharage, vimepikwa pamoja mpaka vikashikana. Mgomba asili yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia. Ulivuka Bahari ya Hindi zamani sana na kupanda milima ya Afrika Mashariki kwa mikono ya watu ambao majina yao hayajulikani. Maharage yametoka Amerika, yakaja na meli baada ya Wareno kuanza kuzunguka pwani hizi. Mahindi vilevile, muhogo vilevile, karanga na viazi vitamu vilevile. Ugali wa dona, unaosifiwa leo redioni kuwa ndio chakula halisi cha Mwafrika, umepikwa kwa nafaka ambayo babu wa mababu hawakuwahi kuiona. Ulezi, huo ndio mwenyeji. Ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Na mbege hupatikanaje? Ndizi mbivu hupikwa na kuachwa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na ganda la mti wa msesewe hutia uchungu. Ndani ya kibuyu kimoja mwenyeji na mgeni wamechachuka pamoja.

Wazee, kwa hiyo, walikuwa wachaguzi. Walipokea walichoona kinafaa, wakakataa kingine, na walichokipokea wakakifanya chao mpaka wajukuu wakadhani kilikuwapo tangu kuumbwa kwa mlima. Hata kahawa, iliyoingia Kilimanjaro wakati wa wamisionari, haikung'oa migomba. Ilipandwa chini yake, ikalipa ada za shule, na mwaka 1925 wakulima wa Kichagga wakaunda chama chao cha kuilinda biashara hiyo, kilichozaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Anayesema kurudi kwa mababu ni kukataa kila kilichotoka nje hajawatazama mababu vizuri.

Wala hajawatazama vizuri anayedhani waliishi bila maradhi. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929 hadi miaka ya 1950, aliyaona mambo mawili kwa macho yaleyale. Aliwaona watoto walioachishwa ziwa wakavimba miguu na nywele zikabadilika rangi kwa sababu ya utapiamlo, na mwaka 1954 akatoa na wenzake kitabu kizima kuhusu kwashakoo. Aliwaona pia watu wazima ambao mioyo yao haikuwa na ugonjwa wa mishipa uliokuwa ukiwaua wenzake kule Uingereza. Mwaka 1956 taarifa ya mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo ilikuwa jambo la kuandikwa kwenye jarida la madaktari. Baadaye, akiwa na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyemfahamu tangu hospitali ya Mulago, Uganda, alihariri kitabu kilichotoka mwaka 1981 kuhusu maradhi yanayofuata maisha ya Kimagharibi kila yanakofika. Burkitt ndiye aliyeifanya dunia izungumzie makapi ya chakula, yale yanayotupwa mashineni unga unapokobolewa.

Babu asiye na presha na mtoto aliyevimba miguu waliishi nyumba moja. Hilo halisemwi vya kutosha na wanaouza "maisha ya asili" kwa chupa na kwa pakiti. Chanjo ya surua haikutoka kwenye kibuyu, na mama wengi walizika watoto ambao leo wangekuwa hai. Lakini kibao kimegeuka upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wenye shinikizo la juu la damu wakiwa takriban mmoja kati ya wanne, na wenye kisukari wakikaribia mmoja kati ya kumi. Kizazi kilichookolewa na chanjo kinaanguka kwa soda na chipsi.

Katika Biblia, kitabu cha Danieli kinaanza na jaribio linalofanana ajabu na lile la Moshi. Vijana wa Kiyahudi wamechukuliwa mateka Babeli, wamepangiwa chakula na divai ya mezani kwa mfalme. Danieli anamwomba msimamizi awajaribu kwa siku kumi, wale mboga na kunywa maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za wenzao. Kuna kundi la jaribio na kundi la kulinganisha, kuna muda uliowekwa, kuna mtu wa kupima. Baada ya siku kumi, waliokula mboga wanaonekana wazuri zaidi.

Wahubiri wa lishe wanaipenda sana hadithi hii, na katika makanisa mengi kuna mfungo unaobeba jina la Danieli. Kinachopitwa kwa haraka ni sababu ya Danieli. Hakukataa nyama ya mfalme kwa kuhofia mafuta. Aliikataa asijitie unajisi, kwa sababu alikuwa mateka na chakula kilikuwa mahali pa mwisho ambapo bado angeweza kuwa mtoto wa baba zake na mtumishi wa Mungu wao. Afya ilimfuata njiani. Ingekuwa siku ya kumi nyuso zao zimesinyaa, hakuna kinachoonyesha kwamba angejongea kwenye meza ya mfalme.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ni kubwa kuliko inavyoonekana sahanini. Chembe za damu haziulizi nia. Maharage humsaidia aliyeyala kwa kumkumbuka bibi yake na aliyeyala kwa kuogopa daktari, sawasawa. Nafsi huuliza. Kila mwalimu wa madrasa anayefundisha saumu huanza na nia, kwa sababu anayeshinda bila kula ili kupunguza uzito na anayeshinda bila kula kwa ajili ya Mwenyezi Mungu wana tumbo tupu lilelile, lakini mmoja tu ndiye amefunga. Siku hizi husikika mawaidha yanayoipamba swala kuwa ni mazoezi ya viungo na Ramadhani kuwa ni tiba ya kisukari. Wasemao hivyo wana nia njema. Wanasahau tu kwamba ibada iliyotetewa kwa faida ya mgongo itaachwa siku mgongo utakapopata faida kubwa zaidi kwingine.

Mbege inalileta jambo hili mezani bila kificho, maana ni kileo. Watafiti wameona kwamba kwa wiki moja ilifanya jambo jema katika damu za vijana 22. Je, Mwislamu wa Moshi, au Mpentekoste aliyeapa kutogusa pombe, amekosea kiafya kwa kuikataa? Sura ya Al-Baqara iliitangulia maabara katika hili. Inakiri kwamba kileo kina manufaa kwa watu, kisha inapima na kusema dhambi yake inayazidi manufaa yake. Sura hiyohiyo inawalaumu wanaojitetea kwa kusema wanafuata waliyowakuta nayo baba zao, hata kama baba hao hawakuwa wakielewa kitu. Kwa mtu wa imani, basi, si manufaa wala ukale vinavyomaliza shauri. Jambo linaweza kuwa la mababu, likawa na faida kwenye vipimo, na bado likaachwa kwa heshima zote. Kijiji kizima chenye watu wa dini tatu huweza kukaa kwenye harusi moja, huku wakizunguka na kata ya mbege na kule wakimiminiana togwa, na bado sherehe ikawa moja.

Maana sherehe ndiyo iliyokuwa kiini. Mbege haikuwa kinywaji cha mtu aliyekaa peke yake kutafuta afya ya utumbo. Ilipikwa kwa ajili ya posa, kwa ajili ya matanga, kwa ajili ya kupatanisha ndugu waliogombana. Aliyekosa alituma jani la isale kuomba msamaha, na msamaha ukikubaliwa, kibuyu kilizunguka. Kabla ya kunywa, mzee alimwaga kidogo ardhini kwa ajili ya waliotangulia, na ardhi hiyo haikuwa mbali, kwa sababu Wachagga huzika wafu wao kihambani, kwenye bustani ileile inayowalisha walio hai.

Kihamba kinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa hapo ndipo mlo wa jadi ulipotoka. Juu kuna miti mirefu ya kivuli. Chini ya miti kuna migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga za majani. Ng'ombe na mbuzi hukaa zizini. Majani na mashina ya mgomba huwalisha, na samadi yao hurudi kwenye mgomba. Maji hushuka kwa mifongo, yaani mifereji, iliyochimbwa na kutunzwa na ukoo au majirani kwa zamu, na asiyefika siku ya kuzibua mfongo hutozwa faini. Mfumo huu ulitambuliwa kimataifa na FAO kuwa urithi wa kilimo, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu. Mlo uliosifiwa na damu za vijana wa Moshi ni matokeo ya haya yote: zamu ya maji, zizi, kaburi, jirani. Ukiinunua ndizi hiyo sokoni Kariakoo utapata ndizi. Faini ya mfongo haimo kwenye kapu.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa kutoka Kitui, alipoandika mwaka 1969 kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika na falsafa, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili na kuyatia katikati ya Kiingereza chake: sasa na zamani. Kwa maelezo yake, aliyekufa haendi zamani mara moja. Maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, anaendelea kuwa ndani ya sasa, karibu na walio hai, na huzama zamani pale wa mwisho anayemjua anapokufa. Wanafalsafa wengine wamempinga Mbiti, hasa katika madai yake kuhusu Waafrika na wakati ujao, na katika hilo hoja zao zina nguvu. Lakini wazo lake juu ya wafu linaeleza kitu ambacho kila mtu aliyewahi kula kwa bibi yake anakijua. Ulezi uliomwagwa kwenye ungo, namna ya kuupepeta, jina la aliyefundisha namna hiyo: mambo hayo yakifanywa kila msimu, mtu hubaki ndani ya sasa. Yakikoma, huzama, hata kama picha yake imetundikwa sebuleni.

Kwasi Wiredu wa Ghana angemzuia mtu hapa, na angekuwa na haki. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alionya juu ya mila zinazoendelezwa ilhali sababu iliyozizaa imekwisha kupita, na juu ya mazoea ya kumtii mkubwa bila kuuliza. Alitaka kila urithi ufikishwe mbele ya akili, ujieleze. Onyo hilo si la darasani tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Aliyeitoa, Ambilikile Mwasapile, alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliyesema ameoteshwa na Mungu, na alitoza shilingi 500 tu. Foleni ya magari ilikwenda kwa kilometa nyingi. Mti wa asili, mzee wa heshima na sauti ya Mungu vilikutana katika kikombe kimoja, na kwa mgonjwa aliyechoka ilikuwa vigumu kuuliza swali lolote. Wapo wagonjwa waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Kuwacheka watu wale ni ukatili. Walikuwa wanatafuta kitu ambacho hospitali mara nyingi haitoi, yaani kuponywa wakiwa watu kamili wenye Mungu na ukoo, badala ya kuwa namba kwenye faili. Lakini kiu ya kweli haiyafanyi kila maji yawe salama.

Namna ya kurudi ipo, na imekwisha kuonyeshwa na wazee wenyewe. Walijaribu, wakapima, wakabakiza. Mtafiti wa KCMC anayepima damu ya kijana aliyekula kiburu yuko karibu na yule mzee wa kwanza aliyeonja maharage ya kigeni kuliko mfanyabiashara anayeandika "asilia" kwenye pakiti. Pamoja na hayo wazee walijiona wanadaiwa. Hakuna aliyekula peke yake, hakuna aliyekula bila kujua maji yamepita kwa nani kabla ya kufika kwake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyefanya kazi miongoni mwa Wachagga kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1902 na 1938, aliona katika ukoo, ujirani na rika vifungo alivyoamini vimewekwa na Mungu, akataka kanisa lijengwe juu yavyo. Alilaumiwa kwamba anataka kuwafungia Wachagga ndani ya jana, nao wenyewe walikuwa wakitaka shule na bei nzuri ya kahawa. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli. Alichokiona nacho kilikuwa na ukweli.

Desemba inapofika, barabara ya kutoka Dar es Salaam hufurika. Mabasi na magari madogo hupanda kuelekea Moshi, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha. Kwa wiki mbili, muda uleule wa lile jaribio, watu wa mjini hula kiburu, mtori na mboga zilizochumwa asubuhi hiyo. Watoto huonyeshwa makaburi kati ya migomba na kuambiwa huyu ni nani, yule ni nani. Wengine hushangaa usingizi unavyokuja mapema na tumbo linavyotulia.

Mwanzoni mwa Januari mizigo hurudishwa garini, pamoja na mkungu mmoja au miwili ya kupeleka mjini. Ufunguo wa nyumba hukabidhiwa jirani, mara nyingi mjane au mzee ambaye watoto wake nao wameondoka. Vihamba vimegawanywa kila kizazi mpaka vingine vimebaki upana wa ua, na zamu ya kuzibua mfongo hupangwa kwa waliopo. Mwezi Machi migomba iliyopandwa na babu huzaa kama kawaida. Mzee yule mwenye ufunguo hukata mkungu ulioelemea ukuta, huangalia njia, kisha humwita mtoto wa nyumba ya tatu aje amsaidie kuubeba.